Pesa za Mtoto Mlemavu na Deni la Wazazi

Somo letu safari hii linaanzia kwenye ugomvi. Hapa Kianda, Kibera, ipo nyumba moja ya mume na mke wenye watoto watatu. Mtoto wao wa kwanza, binti wa miaka 14, ana mtindio wa ubongo. Hatembei, hawezi kujilisha, na mama yake ndiye humwogesha na kumgeuza kitandani. Binti huyu yumo katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, na ameandikiwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mama huzipokea kama mlezi wake.

Nyumba hii ilikuwa na madeni. Siku moja baba aliwaendea wanaowadai, mmoja baada ya mwingine, akawapa ahadi ambazo jumla yake ilifika shilingi 6,200 kwa mwezi. Jioni akamweleza mkewe. Mama akauliza, "Baba, hizo elfu mbili za juu umezitoa wapi?" Mume akajibu, "Si zile za mtoto? Pesa ikiingia nyumbani ni ya nyumba." Mama akanyamaza. Malipo yaliyofuata yalipofika, aliyatoa kwa wakala, akayafunga kwenye leso na kuyaficha ndani ya debe la unga. Mume alipogundua, aliona ameibiwa. Mke naye aliona mtoto ndiye aliyetaka kuibiwa. Walikaa wiki mbili wakisemezana kupitia watoto.

Nani alikuwa na haki? Kabla hujajibu, mpenzi msomaji, tufuatane polepole. Jambo hili linagusa nyumba nyingi, na si za Kianda pekee.

1. Pesa hizi ni za nani?

Mpango wa kuwasaidia watu wenye ulemavu mkali ulianza Kenya mwaka 2011. Haukuwekwa kwa ajili ya kila mlemavu. Umewekwa kwa ajili ya yule asiyeweza kujihudumia: anayehitaji mtu wa kumlisha, kumpeleka chooni na kumlinda na hatari kila siku, na ambaye nyumba yake ni maskini sana. Msingi wake umo katika Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu wao wenyewe pamoja na wanaowategemea.

Basi jina lililoandikwa ni la binti. Mama ni mkono wa kupokea tu, kwa sababu mkono wa binti hauwezi. Ukimtuma jirani akuletee unga kutoka dukani, je, unga huo huwa wake kwa kuwa ameubeba? La. Na mtu anayemdai jirani hawezi kuuchukua unga wako. Vivyo hivyo, deni alilolitia saini baba ni deni la baba. Mwenye kudai hufuata mali ya mdaiwa, na pesa za binti si mali ya mdaiwa.

Lakini na mama asikilize upande wake. Pesa hizo si zake pia. Kuzifunga kwenye leso na kuzificha ndani ya unga hakumsaidii mtoto, maana pesa iliyofichwa hainunui dawa. Tena siri hiyo ndiyo iliyoleta moto nyumbani. Mlezi anapaswa kuweza kusema waziwazi: zimeingia hizi, zimetumika hivi.

2. Kutaja ni tofauti na kuhesabu

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo tusimame kidogo. Mtu anapokwenda kupatana na wanaomdai, huulizwa: "Unapata nini kwa mwezi?" Wengine huogopa, wakaificha ile ruzuku ya mlemavu. Wengine huitaja na kuijumlisha moja kwa moja na mshahara. Wote wawili wamekosea.

Iliyo sahihi ni kuitaja, kisha kuiweka kando pamoja na gharama zake. Kuitaja ni uaminifu. Kutoihesabu kama pesa ya kulipia deni ni haki ya mtoto. Chukua karatasi na uigawe mara mbili. Upande mmoja andika mapato na matumizi ya nyumba. Upande wa pili andika pesa za mlemavu na gharama zinazoletwa na ulemavu wake. Upande huu wa pili ukibakiza kitu, ndipo mnaweza kuzungumza juu ya salio hilo. Ukipungukiwa, pengo huzibwa na upande wa kwanza. Nimeona karatasi nyingi za namna hiyo, na karibu zote upande wa pili hupungukiwa.

3. Hesabu ya nyumba ile

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Tulipoketi na mume na mke wale, tulifungua daftari la shule la mtoto wao wa pili, ukurasa wa nyuma, tukaandika.

Baba ni fundi seremala, hupata kama 18,000 kwa mwezi. Mama huuza mboga, hupata faida ya kama 9,000. Jumla 27,000.

Matumizi: kodi ya nyumba 4,500, chakula 10,500, karo na mahitaji ya watoto wawili wa shule 3,000, maji, makaa na stima 2,500, nauli 1,800, bima ya afya 500. Jumla 22,800. Yanabaki 4,200.

Baba alichukua hizo 4,200, akaongeza 2,000 za binti, akapata 6,200. Ndizo alizoahidi.

Sasa tukaandika upande wa pili. Nepi za binti 2,100. Dawa ya kifafa 900. Nauli ya kumpeleka mazoezi ya viungo 800. Jumla 3,800. Pesa zake ni 2,000. Zinapungua 1,800, na hizo 1,800 zilikuwa zikitoka mfukoni mwa wazazi kila mwezi bila kuandikwa popote. Kwa hiyo katika zile 4,200 zilizobaki, toa 1,800. Kilichokuwapo kweli cha kulipia deni ni shilingi 2,400.

Tazameni tofauti. Ahadi ilikuwa 6,200, uwezo ulikuwa 2,400. Katikati pana 3,800, nazo ni zile zile gharama za binti, hata shilingi moja haikuzidi. Maana yake, ahadi ile ingetimizwa tu kama binti angelala bila nepi, akakosa dawa, na mazoezi yakaachwa. Baba hakuwa mtu mbaya, wala hakukusudia hivyo. Hakuwa ameandika, basi. Alipoiona hesabu alikaa kimya, kisha akamwambia mkewe, "Mama, sikujua nepi ni elfu mbili." Mama akasema, "Hukuwahi kuuliza." Maneno yale mawili yalifanya kazi kuliko mafundisho yangu yote.

Jambo moja zaidi. Mshahara una tarehe, lakini ruzuku hii imekuwa ikichelewa mara kwa mara, ikaja ya miezi miwili au zaidi kwa pamoja. Ahadi ni deni. Usiahidi kila mwezi kitu ambacho hakiji kila mwezi.

4. Sheria ya Kenya inasemaje?

Deni lifikapo mahakamani, ipo Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura ya 21. Kifungu cha 44 kinataja vitu ambavyo dalali haruhusiwi kuvichukua: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake, zana za fundi ambazo ndizo riziki yake, malipo ya wastaafu wa serikali, na fedha nyingine ambazo sheria imezikinga. Kwa hiyo randa na msumeno wa fundi wetu havichukuliwi kwa hukumu ya deni kama hili. Na kiti cha magurudumu cha binti ni cha binti, hakimo kabisa katika mali ya baba.

Wengi huogopa jela ya deni. Kifungu cha 38 cha sheria hiyo kinasema mahakama haitamfunga mtu kwa deni la pesa bila kwanza kumpa nafasi ya kujieleza. Tena ni lazima iridhike kwamba upo msingi wa kumfunga, kwa mfano kwamba anao uwezo wa kulipa naye amekataa au amepuuza. Na kifungu chenyewe kinaongeza neno muhimu kwa somo letu: katika kupima uwezo huo, mali iliyokingwa na sheria isichukuliwe haiwekwi katika hesabu. Ndiyo sababu nasema mdaiwa asikimbie mahakama. Ukiitwa kujieleza, nenda, na karatasi yako yenye pande mbili uishike mkononi.

Kwa mwenye mshahara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yote kwa pamoja kupita theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja ni lazima imfikie mfanyakazi. Aliyeumia kazini naye anayo Sheria ya Fidia kwa Ajali za Kazini ya mwaka 2007, na fidia ya namna hiyo haiwekwi rehani wala haikamatwi kwa deni. Anayekuja mlangoni kudai "nusu ya fidia" kwa deni la zamani hana sheria nyuma yake.

5. Kupatana na wanaokudai

Kuna njia ya nyumbani na njia ya sheria. Ya nyumbani ni kuketi na kila anayekudai, kumwonyesha hesabu, na kumwandikia kiasi atakachopata. Hii hutosha kwa wengi wetu.

Ya sheria imo katika Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Watu husikia neno ufilisi wakadhani ni la matajiri tu. Sheria hiyo inampa mtu wa kawaida njia za kuepuka kutangazwa mfilisi. Anaweza kupeleka pendekezo la mapatano kwa wadai wake wote kwa pamoja. Anaweza kuomba amri ya kulipa kidogo kidogo kwa awamu. Na asiye na mali yoyote ya kuuzwa, wala uwezo wa kulipa chochote, anaweza kuomba utaratibu wa wasio na mali, iwapo deni lake lote si chini ya shilingi 100,000 wala halizidi 4,000,000. Maombi kama hayo huhusu ofisi ya Msimamizi Rasmi wa Ufilisi, ambayo iko chini ya Idara ya Huduma za Usajili wa Biashara.

Katika njia ya mwisho mtu hupimwa uwezo wake. Hapo lile somo la kutaja na kuhesabu ni la lazima. Anayeficha mali ili kuwadhulumu wadai hupoteza nafasi hiyo. Kwa hiyo taja ruzuku ya mlemavu, taja ni ya nani, na taja gharama zake, kila moja na risiti yake.

Nyumba yetu ya Kianda haikufaa kwa utaratibu huo wa mwisho, maana deni lao lilikuwa 84,000 nao wana kipato. Wakafuata njia ya nyumbani. Walidaiwa 40,000 na Sacco, 20,000 na chama, 18,000 na mkopeshaji wa riba, na 6,000 dukani. Shilingi 2,400 waligawa kwa kadiri ya deni la kila mmoja: Sacco 1,140, chama 570, mkopeshaji 515, duka 175. Kama riba haiongezwi, ni miezi 35. Ni safari ndefu, lakini ni ya kweli. Wakaenda wote wawili, baba na mama, kila mahali. Sacco ilikubali kuupanga upya mkopo, chama kikasamehe faini, mwenye duka akacheka akasema afadhali 175 inayokuja kuliko 1,000 isiyokuja. Mkopeshaji alikataa. Alitaka apewe laini ya simu ya mama na namba yake ya siri, ajichukulie ruzuku mwenyewe. Wakamwambia pesa hizo si zao kuzitoa. Alitisha kwenda mahakamani. Hadi sasa hajaenda, nao humtumia 515 zake kila mwezi kwa simu na kuuhifadhi ujumbe.

6. Je, mlemavu mwenyewe akiwa ndiye mdaiwa?

Hapa tusichanganye mambo. Mtu mwenye ulemavu aliye na duka, akapata faida, faida hiyo ni kipato kama cha mtu mwingine. Aliyeajiriwa, mshahara wake ni mshahara. Serikali imekuwa ikimsamehe kodi ya mapato katika shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi akiwa na cheti cha msamaha huo, lakini kusamehewa kodi si kusamehewa deni. Alikopa mwenyewe, na dawa ya deni ni kulipa.

Hata hivyo, kuishi na ulemavu kuna gharama ambazo jirani yake hana: mtu wa kumsukuma, nauli ya bodaboda mahali ambapo wengine hutembea, magongo, vifaa, dawa. Gharama hizo ziandikwe kwanza, kama kodi ya nyumba inavyoandikwa kwanza, ndipo salio lihesabiwe.

Nchi nyingine nazo zimefikia mawazo kama haya. Marekani, tangu sheria ya ufilisi ya mwaka 2005, malipo ya hifadhi ya jamii, pamoja na ya walemavu, hayaingizwi katika kipimo cha kipato cha mdaiwa. Mwaka 2019 malipo ya ulemavu ya wanajeshi wa zamani nayo yakatolewa katika hesabu hiyo. Uingereza, mfilisi ambaye kipato chake chote ni misaada ya serikali haamriwi kuwakatia wadai wake sehemu ya kipato hicho. Walioko ng'ambo na wana jamaa wenye madeni huko wayakumbuke hayo.

7. Deni ni la nani, la mume au la mke?

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema deni alilokuwa nalo mtu kabla ya ndoa hubaki lake. Deni lililoingiwa wakati wa ndoa kwa faida ya ndoa hubebwa na wote wawili. Kwa hiyo mkopo wa karo au wa matibabu ni wenu ninyi nyote. Mama, usiseme "ni lako, umelisaini wewe." Baba nawe, usikope kwa siri kisha ulete deni mezani likiwa limeiva. Kukopa harusi, kulipa matanga. Afadhali harusi hiyo muijue wote.

8. Mambo ya kufanya wiki hii

(a) Andikeni karatasi yenye pande mbili. Baba aandike upande wa mlemavu na mama aandike upande wa nyumba, ili kila mmoja ajifunze asichokijua.

(b) Pokeeni ruzuku kwenye laini au akaunti isiyo na deni. Laini yenye mkopo wa ziada kama Fuliza hukata pesa yoyote inayoingia kabla hamjaiona, wala haiulizi ni ya nani. Ndivyo mkopo huo ulivyotengenezwa. Ikiwa laini iliyoandikishwa ina deni, lipeni deni hilo kwanza, au nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo mkaulize jinsi ya kubadilisha.

(c) Msimpe yeyote kadi, laini wala namba ya siri kama dhamana.

(d) Hifadhini risiti za nepi, dawa na nauli kwenye bahasha moja. Siku ya mapatano bahasha hiyo ndiyo wakili wenu.

(e) Nendeni wawili kwa kila mdai. Msiahidi zaidi ya uwezo, hata mdai akikunja uso. Kila mapatano yaandikwe na kutiwa saini.

Nyumba ile bado inalipa. Wamemaliza miezi 9, imebaki 26. Debe la unga sasa lina unga tu. Daftari limetundikwa msumarini karibu na kitanda cha binti, na kila pesa zake zinapofika baba husoma kwa sauti zimetumikaje, binti akisikiliza. Hasemi, lakini mama yake anasema hucheka anaposikia jina lake.

Maswali ya kuzungumza wawili nyumbani

1. Je, ipo pesa nyumbani kwetu ambayo si yetu, ila tunamshikia mtu? Tunaitumiaje?
2. Je, kila mmoja wetu anajua gharama za kweli za anayetunzwa nyumbani?
3. Ni ahadi gani ya deni tuliyoitoa ambayo hesabu yetu haiwezi kuitimiza? Tutamwendea nani kwanza kuirekebisha?